Hiyo Barabara Unaita Chalenji, Kuna Mtu Anapitia Kwenda Hospitali



Desemba ikifika tu, simu zetu zinajaa vumbi. Unafungua TikTok unakutana na Land Cruiser nyeupe inapanda mawe meusi, droni iko juu, muziki wa kutisha chini yake, halafu maandishi makubwa: "Tumeiweza kaskazini." Ukisonga kidogo kuna nyingine. Msee amesimama juu ya boneti, ziwa la kijani liko nyuma yake, anasema hii ndiyo barabara ngumu kuliko zote Kenya na yeye ameimaliza kwa siku nne. Makopa kibao. Chini yake watu wameandika "lazima nifanye hii kabla nifike 30."

Sina shida na safari. Kusema ukweli, nataka uende. Ukiniuliza mahali pa kwanza pa kupeleka macho yako ukipata elfu chache na wiki moja huru, nitakuambia kaskazini kabla ya Diani. Shida yangu ni hilo neno moja ambalo tumelibandika kwa barabara yote ya kutoka Isiolo hadi ufuo wa Ziwa Turkana: chalenji.

Acha nikuonyeshe njia yenyewe kwanza, kwa wale hawajawahi.

Unatoka Nairobi, unapita Nanyuki, unapita mashamba ya ngano ya Timau na Mlima Kenya uko upande wako wa kulia. Halafu barabara inaanza kushuka. Hapo ndipo nchi inabadilika mbele ya macho yako. Sweta unavua, dirisha unafungua, na huko chini unaona uwanda mkubwa wa rangi ya kahawia, vilima vimesimama peke yake kama vimesahauliwa. Hiyo ndiyo Isiolo, karibu kilomita 270 kutoka Nairobi. Kutoka hapo lami inaendelea. Archers Post, daraja la Ewaso Ng'iro, halafu Ololokwe, ule mlima mkubwa wa mawe wenye kichwa bapa ambao Wasamburu wanauheshimu kama mahali patakatifu. Kila mtu anasimama kuupiga picha, na hakuna picha imewahi kuutosha.

Ukifika Laisamis una njia mbili. Ukinyooka na lami unaenda Marsabit, mji wa mlimani wenye ukungu na msitu katikati ya jangwa. Huko ndiko aliishi Ahmed, ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimpa ulinzi kwa amri ya rais hadi akafa 1974. Ukikata kushoto Laisamis, unaacha lami. Hapo inaanza changarawe, milima ya Ndoto ikikuangalia kutoka mbali, hadi South Horr, bonde la kijani lililobanwa kati ya milima miwili, Nyiru upande mmoja na Ol Doinyo Mara upande mwingine. Baada ya hapo ni mawe. Mawe meusi ya volkano, kila upande, kama mtu alichoma dunia akasahau kufagia. Upepo unasukuma gari. Halafu unapanda kilima kimoja cha mwisho na ziwa linatokea, rangi ya kijani ambayo huwezi kuamini iko mahali pakavu hivyo. Unateremka, unafuata ufuo, unafika Loiyangalani, na mikoma na chemchemi zake, na Mlima Kulal nyuma yake.

Manze, ni poa. Nimeona watu wazima wakinyamaza hapo juu.

Sasa turudi kwa neno letu. Tukisema "chalenji" tunamaanisha nini? Tunamaanisha ugumu ambao umechagua mwenyewe, unaweza kuuacha ukichoka, na ukimaliza unapewa heko. Kupanda Longonot ni chalenji. Mbio za marathoni ni chalenji. Rhino Charge ni chalenji, na watu wanalipa pesa nyingi kuharibu magari yao siku moja ya mwaka kwa sababu nzuri, kulinda misitu. Wakimaliza wanarudi nyumbani kwa lami.

Lakini kuna mama Loiyangalani ambaye hajachagua. Kuna mwalimu North Horr, kuna muuguzi wa zahanati, kuna dereva wa lori la samaki. Kwao ile barabara ni barabara tu. Ni kama vile Thika Road ni yako.

Mimi sina gari. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa vidio, kwa hivyo kaskazini nilienda vile watu wengi wa kaskazini huenda: basi hadi mahali basi linaishia, halafu lori. Wakati wa kurudi kutoka ziwani nilipanda lori lililobeba magunia ya samaki wakavu. Unalala juu ya magunia, unashika kamba, unajifunga shuka usoni kwa sababu ya vumbi. Utingo alikuwa kijana wa rika langu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Boss, Kenya iko aje?"

Nilicheka kwanza, nikidhani ni mzaha. Si mzaha. Ukienda sehemu nyingi za kaskazini utasikia hivyo hivyo, mtu akisafiri kwenda Nairobi anasema anaenda Kenya. Nikamuuliza, kwani hapa ni wapi? Akasema, "Hapa ni hapa. Kenya ni kule lami iko."

Juu ya magunia hayo hayo kulikuwa na mama amembeba mtoto mwenye homa, anaenda naye Marsabit, hospitali kubwa ya kaunti. Alikuwa amefunika mtoto na leso mbili. Kila lori liliporuka juu ya mawe, alimwinua mtoto kidogo kwa mikono yake, ndiyo ule mrusho umpate yeye na si mtoto. Alifanya hivyo saa nzima, saa ya pili, saa ya tatu, hadi tulipofika lami. Hakulalamika. Wakati fulani aliniona nimetoa simu narekodi milima akaniambia, "Mwanangu, shika kamba kwanza." Ndiyo hiyo tu. Ni safari yake, ameizoea, anajua ni wapi lori huruka.

Nilirekodi milima, ndiyo. Ilikuwa mizuri. Lakini jiulize wewe: tukiwa wawili juu ya lori moja, barabara moja, mawe yale yale, ni nani kati yetu alikuwa kwa chalenji?

Watu wengi wakifika hapa wananiambia, sawa, ni huzuni, lakini hiyo ni jiografia. Jangwa ni jangwa. Huwezi kulaumu mtu.

Hapo ndipo nakataa.

Mkoloni aliifunga kaskazini. Aliiita NFD, na kuingia au kutoka kulihitaji kibali, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kujenga barabara ya watu, barabara ilikuwa ya askari. Uhuru ukaja. Halafu 1965 serikali ikatoa ule Waraka Nambari 10, ambao ukisoma historia kidogo utakutana nao, unaohusu Ujamaa wa Kiafrika na mipango ya Kenya. Ndani yake kulikuwa na wazo moja rahisi: pesa za maendeleo ziende mahali zitazaa haraka, yaani mahali pana ardhi nzuri, mvua, na tayari kuna barabara na stima. Faida ikipatikana, ndiyo isambazwe kwingine baadaye. Ukiwa na barabara unaongezwa barabara. Usipokuwa nayo, ngoja.

Watu wakangoja. Wazazi wao wakangoja. Kwa hiyo wakati wewe unasema kwa kamera "hakuna kitu huku, ni nyika tupu, asili tupu," ujue unatazama mpango uliokaa kwenye karatasi tangu 1965. Mawe ni ya volkano, hilo nakubali. Lakini kwamba mawe bado yako barabarani, hiyo si volkano.

Ushahidi uko njiani kabisa, utaupita. Kabla ya ziwa, karibu na Sarima, utaona mitambo ya upepo, mirefu, myeupe, mingi hadi uchoke kuhesabu. Iko 365, na inaweza kutoa megawati 310. Iliunganishwa na gridi ya taifa 2018 na rais akaizindua 2019. Kila pangaboi na kila mnara uliletwa kwa lori kutoka Mombasa, zaidi ya kilomita 1,000. Sasa, lori lililobeba bawa la mtambo haliwezi kuruka mawe. Kwa hiyo kilomita 208 kutoka Laisamis hadi pale zilitengenezwa. Zikapanuliwa, zikawekwa changarawe, makorongo yakawekewa vivuko.

Unaona? Barabara iliwezekana. Ilihitaji tu kupatikana kwa mzigo ambao mtu mwenye nguvu aliuona ni wa maana. Mama mwenye mtoto mgonjwa hakuwa mzigo wa kutosha.

Na hata hapo hadithi haikuisha vizuri kwa kila mtu. Mradi ulipewa ekari 150,000, wenyeji wakaenda kortini, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Kwa hiyo sisemi barabara ikija kila kitu kinakuwa sawa. Nasema tu tuache kudanganyana kwamba haiwezekani.

Sasa nije kwa kundi la pili, ambalo kwa kweli ndilo lilinifanya niandike. Hawa ni wale wanapenda kaskazini sana hadi hawataki ibadilike. Nimewaona wakiandika: "Naomba wasiweke lami Loiyangalani, itaharibu." Wengine wanasema tangu lami ifike Moyale, ile njia imepoteza ladha.

Ladha ya nani, buda?

Barabara ya Isiolo hadi Moyale ni karibu kilomita 500. Zamani, muulize yeyote aliyezaliwa huko, ulikuwa unapanda juu ya lori la ng'ombe, ng'ombe wakiwa chini yako, umeshika vyuma. Magari yalisubiriana ili yaende kwa msafara na askari wenye bunduki, kwa sababu ya majambazi. Siku mbili, siku tatu. Mvua ikinyesha, jangwa la Dida Galgalu linageuka tope na unaweza kulala hapo siku ambazo hukupanga. Lami ilijengwa kipande kwa kipande na kufikia 2017 ilikuwa imekamilika. Leo unapanda basi Moyale na ndani ya siku moja uko Nairobi. Mwanafunzi anaenda chuo. Mgonjwa anafika. Nyanya zinafika bado ni nyanya.

Kuna mambo mabaya pia yamekuja na lami, sitaficha. Magari yanakimbia sana kwa sababu barabara imenyooka na haina watu. Ngamia anavuka usiku, ana rangi ya barabara, na dereva anamwona akiwa tayari kwa kioo. Watu wameumia na mifugo imekufa. Lakini hayo ni mambo ya alama za barabarani, ya matuta karibu na miji, ya polisi kufanya kazi yao. Hayo hayafanyi mtu aombe kurudi juu ya lori la ng'ombe. Sijawahi kukutana na mtu wa Moyale aliyeniambia anataka vumbi lirudi. Wanaolilia vumbi wote wanaishi mahali pana lami.

Na usidhani hii ni shida ya Kenya tu. Kule kaskazini mwa Scotland kuna njia inaitwa North Coast 500. Ilizinduliwa 2015, karibu kilomita 830, inaanzia Inverness na kuzunguka milima na pwani hadi inarudi hapo. Ni nzuri, utaona vidio zake mpaka uchoke. Kuna mahali panaitwa Bealach na Bà, barabara inajikunja kama nyoka hadi mita 626 juu ya bahari. Sehemu nyingi ni nyembamba, gari moja tu, na kando kuna vijisehemu vya kupishana. Wageni walipojaa, wenyeji wakaanza kulalamika: watu wanaegesha magari ya kulala kwenye vijisehemu hivyo ili wapige picha, na wengine wanaacha uchafu. Zile sehemu ziliwekwa ili gari lipishe gari, ambulensi ikiwemo. Yaani hata kwa nchi tajiri, mahali pana lami na hospitali, mgeni akishaanza kuona barabara ya watu kama uwanja wake wa kuchezea, wenyeji wanaumia. Hapa kwetu, ambapo hakuna hata hiyo lami, inauma mara mbili.

Najua kuna msee ashaanza kuandika: "Lakini utalii unaleta pesa." Sawa, tuongee pesa. Hebu hesabu safari ya kawaida ya hawa wa chalenji. Chakula kimenunuliwa supamaketi ya Nairobi. Maji ya chupa, katoni kumi, Nairobi. Mafuta yamejazwa kwa mitungi. Hema ni lao. Mpishi wametoka naye. Wanafika ziwani, wanapiga picha za watoto bila kuuliza mzazi, wanarusha droni juu ya manyatta za watu, wanalala kando ya maji, wanaondoka. Ni shilingi ngapi imebaki Loiyangalani? Kilichobaki ni takataka na vumbi.

Halafu vidio inatoka, na jina la kijiji halimo. Imeandikwa tu "mahali fulani kaskazini." Ukiweza kutaja jina la kila mkahawa uliopita kule Nanyuki, unashindwaje kutaja South Horr?

Kwa hiyo ukienda, na nasema tena uende, enda hivi.

Kwanza, uliza kabla ya kutoka. Si kwa mtandao, uliza watu. Kuna miezi na sehemu ambazo kuna wizi wa mifugo na mapigano, na sehemu nyingine jirani ziko salama kabisa. Kusema "kaskazini ni hatari" ni uvivu kama kusema "Nairobi ni hatari." Piga simu kwa mwenye nyumba ya wageni utakayolala, uliza madereva wa lori Isiolo au Laisamis, uliza polisi kwenye kizuizi. Wakikuambia usipite leo, usipite leo.

Pili, heshimu laga. Ni mito ya mchanga, mikavu karibu mwaka mzima, na inaonekana kama mahali pazuri pa kupumzikia chini ya kivuli. Mvua inaweza kunyesha milimani, mbali na wewe, juu yako kukiwa na jua, halafu maji yaje ghafla kama ukuta. Usiegeshe ndani ya laga, usilale ndani yake, na ikiwa imejaa, zima injini ungoje. Wenyeji wanangoja. Wewe si hodari kuliko wao. Na jangwa la Chalbi likipata mvua, juu linaonekana kavu na chini ni uji, gari zito linazama.

Tatu, gari. Spea mbili, si moja, kwa sababu yale mawe meusi yanakata tairi kama wembe. Jeki inayofanya kazi na ubao wa kuiweka juu yake. Ukiingia mchanga, shusha presha ya tairi kidogo, na ubebe pampu ya kuirudisha. Jaza mafuta Isiolo au Marsabit, au Maralal ukipitia upande huo. Maji ya kunywa beba mengi kuliko unavyofikiria, kwa sababu ukikwama, mtu wa kwanza atakayekuja kukusaidia atakuwa mchungaji aliyetembea tangu asubuhi, na itakuwa aibu kama yeye ndiye atakupa maji. Magari mawili ni bora kuliko moja. Usiendeshe usiku. Na kama huna gari, basi na lori zipo, mimi ni shahidi.

Nne, acha pesa. Lala kwa nyumba ya wageni ya mtu wa pale. Kula pale. Chukua kijana wa pale akuongoze, mlipe vizuri, na mkubaliane bei kabla. Watu wa El Molo, ambao ni moja ya jamii ndogo zaidi Kenya, wanaishi hapo Layeni na Komote kando ya ziwa. Maji ya ziwa yamepanda miaka ya karibuni na Komote ikageuka kisiwa. Ukitaka kuwatembelea, lipa mtu wa boti, salimia wazee kwanza, na uulize kabla hujatoa kamera. Ukikataliwa, sema asante, rudisha simu mfukoni, na muendelee kupiga stori. Ile stori hukuirekodi bado ni yako.

Tano, ambayo ni kazi ya sisi wenye kamera. Badilisha maneno. Badala ya "tumeiweza hii barabara," sema ni umbali gani kutoka kijiji hadi hospitali ya karibu na ulichukua masaa mangapi. Taja majina ya mahali. Mpe dereva wa lori dakika moja kwa vidio yako, atakuambia mambo ya kile kilima ambayo wewe na droni yako hamwezi kuyaona. Vidio kama hizo zinatazamwa pia, wasee, nimejaribu. Watu hawapendi mawe tu, wanapenda kujua nani anaishi nyuma ya mawe.

Na kuna kitu kimoja zaidi, kikavu kidogo, lakini kaa hapo. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ilianzisha Hazina ya Usawazishaji. Kila mwaka nusu asilimia ya mapato ya serikali ya taifa inafaa kuwekwa hapo, kwa kazi moja: maji, barabara, afya na stima kwa sehemu zilizoachwa nyuma, hadi zifikie kiwango cha wengine. Iliandikwa ili kurekebisha kile 1965 ilifanya. Ilipewa miaka 20 tu. Hesabu mwenyewe: inaisha 2030, isipokuwa Bunge liiongezee muda. Miaka mingi imeshapita watu wakivutana kuhusu hizo pesa, hadi kortini, huku lori la samaki likiendelea kuruka mawe.

2030 si mbali. Wengi wetu tunaosoma hii tutakuwa bado hatujafika 30, au tumefika juzi. Sisi ndio tunatazamwa na mamilioni tukisimama juu ya boneti. Mbunge wako hasomi ripoti za Hazina, lakini anaangalia simu, hilo unajua. Basi siku utapandisha ile picha ya ziwa la kijani, chini yake andika swali: pesa za kifungu cha 204 za hapa zimefika wapi? Andika na jina la barabara. Laisamis hadi Loiyangalani. Marsabit hadi North Horr. Maralal hadi Baragoi. Yaandike mara nyingi hadi yawe mazoea kama jina la Thika Road.

Ukiniambia lami ikifika safari itakuwa rahisi sana, haitakuwa na stori, nitakujibu hivi: Ololokwe itabaki pale. Ziwa litabaki la kijani. Upepo wa Kulal utakusukuma na gari yako ikiwa kwa lami. Na yule mama atakaa kwa kiti, kwa matatu, mtoto amelala kwa mapaja yake, mikono yake imepumzika.

Kama umezaliwa upande huo, niandikie. Niambie barabara yako inaitwaje na inachukua saa ngapi kufika hospitali. Vidio yangu ijayo itakuwa orodha ya hizo barabara, na majina mtayataja nyinyi.